Nilivyomhukumu rapa kwa sauti yake ya zamani

Sentensi yenyewe bado ninayo. Niliiandika Julai 2020, siku ileile rapa Boldy James alipoachia albamu yake Manger on McNichols, nikiwa nimeisikiliza albamu mara moja na nusu: “Katika miezi mitano tu tangu albamu iliyopita, Boldy amejifunza kufungua moyo. Huyu ni rapa anayekua mbele ya macho yetu.” Niliisoma kwa sauti, ikanikaa vizuri mdomoni, nikaituma kwa mhariri.

Boldy hakuwa amejifunza chochote ndani ya miezi hiyo mitano. Sauti niliyokuwa nikiisifia ukomavu ilianza kurekodiwa mwaka 2007, mjini Detroit, Marekani, akiwa kijana wa miaka kama 25 asiye na albamu hata moja. Mtayarishaji wake, Sterling Toles, alizitunza zile vesi akawa anazirudia mwaka hadi mwaka, anabadilisha kilichokuwa chini yake, analeta wapiga ala wanacheza juu ya maneno yaliyokwisha kusemwa zamani. Kazi ikachukua zaidi ya muongo mmoja. Mimi, kwa kuwa ilitoka baada ya ile ya Februari, nikaipanga baada ya ile ya Februari, nikachora mstari wa ukuaji uliokuwa unakwenda kinyumenyume.

Aliyeniamsha ni rafiki yangu mmoja anayetengeneza midundo. Hakunipigia kelele. Aliniandikia ujumbe mmoja tu: “Ndugu yangu, umesoma habari ya Toles na hii albamu? Hizo vesi zimeizidi umri simu yako.”

Nikacheka kwanza, halafu nikaacha kucheka, nikafungua daftari.

Daftari langu la uhakiki lina safu mbili. Kushoto naandika ninachosikia: pumzi, mdundo, neno lililonishika, mahali biti inapobadilika. Kulia naandika kwa nini. Ukurasa wa siku ile upo mpaka leo. Kushoto nimeandika, “Sauti nyepesi kuliko ya Februari.” Kulia, “Maikrofoni nyingine?” Mistari miwili chini, kushoto, “Anakimbia kidogo, hatulii kwenye mdundo kama kawaida yake.” Kulia, “Anajaribu mtindo mpya.” Wimbo anaozungumzia mama yake, kushoto, “Hapa anaumia kweli.” Kulia nimeweka mshale mkubwa na neno “UKUAJI” kwa herufi kubwa, nimelipigia mstari.

Yaani masikio yalifanya kazi yake. Masikio yaliniambia kwamba huyu ni kijana zaidi, ana haraka zaidi, kidonda chake kibichi zaidi. Kila ushahidi ulikuwepo upande wa kushoto, na mimi kwa mkono wangu mwenyewe nikauandikia uongo upande wa kulia. Ndicho kilichoniuma. Ningekuwa sikusikia, ningejitetea.

Kwa asiyemjua: Boldy James ni rapa wa Detroit, mzaliwa wa 1982, na ukimsikia mara ya kwanza unaweza kudhani amechoka. Hapandishi sauti wala hashangilii. Anachana mambo ya kuuza dawa za kulevya, ya marafiki waliokufa na waliofungwa, kwa sauti ya mtu anayekusomea risiti. Utamu wake uko katika namna silabi zinavyopangwa: anaweza kushika vina vya ndani kwa mistari minane bila kukuonyesha kwamba anafanya kazi, halafu katikati ya orodha ya vitu vya kawaida anadondosha jambo la kutisha na kuendelea na orodha. Ukipitwa, umepitwa. Harudii.

Na anatoa kazi nyingi. Albamu yake rasmi ya kwanza, My 1st Chemistry Set, aliyoifanya na mtayarishaji The Alchemist, ilitoka 2013. Kisha ukaja ukimya mrefu uliokatizwa na kazi ndogondogo. Halafu 2020 bomba likapasuka: Februari The Price of Tea in China, tena na Alchemist; Julai Manger on McNichols; Agosti The Versace Tape, iliyotayarishwa na Jay Versace, kijana ambaye wengi walimfahamu kwanza kwa vichekesho vyake kwenye Vine, mtandao wa video fupi; Desemba Real Bad Boldy, na kundi la Real Bad Man. Nne kwa mwaka mmoja. Mwaka 2021 akarudi kwa Alchemist mara mbili, Bo Jackson na Super Tecmo Bo. Mwaka 2022 nne nyingine, kila moja na mtayarishaji wake. Alipofika 2025 ilikuwa vigumu hata kuhesabu. Nilikuwa bado naandika kuhusu moja, nyingine imeshatua.

Nilipoanza kumhakiki nilijiona nimepata bahati. Mhakiki anataka nini zaidi? Mwandishi mmoja, rapa mmoja, kila baada ya miezi michache kitu kipya cha kusema. Sikujua kwamba wingi huo ndio utakaonionyesha jinsi nilivyokuwa nafanya kazi hii vibaya.

Ni hivi. Rapa anayetoa albamu moja kila baada ya miaka minne anakupa muda wa kukosea polepole. Unaisikiliza, unaisahau, unaikuta tena, unabadilisha mawazo kabla ya ijayo. Rapa anayetoa nne kwa mwaka anakulazimisha utafute uzi wa kuzishona pamoja, na uzi ulio karibu na mkono ni tarehe ya kutoka. Hii ni ya Februari, hii ya Julai, basi ya Julai ni hatua mbele ya ile ya Februari. Amekua, au ameshuka, au amechoka, au ameamka. Tunazitunga albamu kama shanga halafu tunaziita maisha ya mtu. Kumbe tarehe ya kutoka mara nyingi ni habari ya mambo ya biashara tu: lini jalada lilikamilika, lini santuri zilitoka kiwandani, lini ruhusa ya sampuli, yaani kipande kilichochukuliwa kwenye wimbo wa mtu mwingine, ilipatikana, lini mtayarishaji aliridhika. Toles aliridhika baada ya miaka kumi na kitu. Mwingine anaridhika baada ya wiki mbili. Zote zinaingia kwenye orodha moja, zina tarehe zilizofuatana, na msikilizaji anaona ngazi.

Baada ya aibu ile nilirudi nyuma kuangalia marapa wengine ambao nilishawahi kuwaandikia hadithi za namna hiyo kichwani. Gucci Mane, kwa mfano. Oktoba 2009 aliachia mikstepu, mikusanyo ya nyimbo isiyo albamu rasmi, tatu siku moja, mtiririko wa Cold War, na Agosti 2013 akafanya tena mchezo wa tatu siku moja. Lakini kilichonishtua ni miaka aliyokuwa ndani, Septemba 2013 hadi Mei 2016. Kazi hazikukoma. Zilikuwa zinamiminika kutoka kwenye akiba ya sauti alizoziacha, na wasikilizaji tulikuwa tunajadili kama “Gucci wa sasa” amepungua makali. Gucci wa sasa alikuwa ndani. Tuliyekuwa tunambishania alikuwa faili kwenye kompyuta. Alipotoka, Mei 2016, ndani ya muda usiofika miezi miwili aliachia Everybody Looking, na hapo kweli tarehe ilikuwa na maana: mtu amepungua mwili, ameacha vilevi, anatamka maneno kwa usafi ambao haukuwepo. Tofauti ile hata mtoto angeisikia. Nilijiuliza, kama tofauti ya kweli inasikika waziwazi hivi, kwa nini miaka ile yote tulikuwa tunabuni za uongo?

Au rapa Future. Mwishoni mwa 2014 DJ wake, Esco, alishikiliwa Dubai kwa usiku 56, na pamoja naye ilikuwepo diski yenye akiba kubwa ya nyimbo za Future zilizorekodiwa. Future akabaki mikono mitupu, ikabidi arekodi upya. Mikstepu ya Machi 2015 ikaitwa 56 Nights kwa ajili ya usiku hizo. Kwa hiyo mwaka ule ambao watu wengi wanauona ndio kilele chake una sababu moja ya ajabu kabisa: kilichokuwa akiba hakikupatikana, tukapewa cha moto. Mhakiki aliyekuwa anasikiliza 2015 bila kujua habari ya diski angeweza kusema amepata msukumo mpya. Angekuwa sahihi kwa bahati, na bahati haihesabiki kama usikivu.

Siwezi kukwepa swali la kwa nini wanatoa nyingi kiasi hiki. Jibu la harakaharaka ambalo nililiandika mara kadhaa ni kwamba mtandao unalipa wingi. Lina ukweli wake. Tangu mwishoni mwa 2014 chati ya albamu ya Billboard, ile ya Marekani, ilianza kuhesabu usikilizaji wa mtandaoni, mara 1,500 za kusikilizwa kwa nyimbo zikiwa sawa na albamu moja iliyouzwa, na haikuchukua muda albamu za wakubwa zikaanza kunenepa. Mwaka 2018 Migos walileta Culture II yenye nyimbo 24, Drake akaleta Scorpion yenye 25. Lakini hesabu hiyo haimwelezi Boldy hata kidogo. Albamu zake ni fupi. Hagombei namba moja. Soko lake ni watu wachache wanaonunua santuri na wanaomjua kila mtayarishaji kwa jina, na kila albamu anayoifanya na mtayarishaji mmoja inamleta mbele ya wafuasi wa huyo mtayarishaji. Mimi naona ni kama fundi anayehama karakana: vifaa vyake vilevile, mkono uleule, lakini kila karakana ina mbao zake.

Mfano huo wa fundi ulinisaidia kuacha kosa la pili, ambalo lilikuwa kubwa kuliko la kwanza ila halikuniletea aibu kwa sababu hakuna aliyelinasa.

Kosa lenyewe: nilikuwa nahakiki vesi. Nilikuwa nasikiliza Boldy kasema nini, kachana vipi, kisha mwishoni naongeza aya moja ya heshima kuhusu midundo. Kwa rapa ambaye sauti yake haibadiliki, hiyo ni njia ya uhakika ya kuandika uhakiki uleule mara nne kwa mwaka. Na niliuandika. Nilipozipanga pamoja nilizoandika 2020 na 2021 nilikuta neno “utulivu” katika zote. Zote! Moja ilikuwa nalo mara tatu.

Hapo ndipo nilipobadilisha mpangilio wa kusikiliza. Sasa siku ya kwanza simsikilizi Boldy. Yaani albamu inacheza, naye anachana, lakini najilazimisha kufuata kinachoendelea chini yake. Ngoma ziko au hazipo? Besi inaingia lini? Sampuli imekatwa wapi, na je, imekatwa mahali ambapo sikio linaona imeonewa? Nicholas Craven wa Montreal, aliyefanya naye Fair Exchange No Robbery mwaka 2022, anapenda kuiacha sampuli izunguke karibu bila ngoma kabisa. Bila ngoma rapa hana sakafu. Lazima sakafu aiweke mwenyewe kwa silabi zake, na ghafla ule uchovu niliokuwa nauita utulivu unageuka kuwa ndiyo saa inayotunza muda wa wimbo mzima. Ukimtoa Boldy kwenye wimbo wa Craven, wimbo unaelea hovyo kama karatasi. Halafu mchukue mtu huyohuyo umweke kwenye midundo ya Antt Beatz, mtayarishaji wa Detroit, katika Hommage ya 2025, midundo yenye besi nzito na mwendo wa haraka wa mitaa ya kwao, na utulivu uleule unakuwa ukaidi: kila kitu kinakimbia, yeye anakataa kukimbia. Sauti haijabadilika hata nukta, ila kazi inayofanywa na sauti hiyo imekuwa nyingine kabisa.

Nilipoanza kuandika hivyo, mhariri wangu, dada mmoja mkali kwelikweli asiyependa sifa za bure, aliniuliza, “Mbona safari hii hujasema utulivu?” Nikamwambia nimeacha. Akasema, “Afadhali.”

Kuna jambo la alama pia. Sikuwahi kuzipenda alama lakini nilizitoa, juu ya kumi, kwa sababu wasomaji wanaanza na namba ndipo warudi kwenye maneno. Kwa rapa wa wingi alama zinageuka upuuzi haraka sana. The Price of Tea in China niliipa 9. Iliyofuata ningeipaje 9? Nikaipa 8 ili 9 ibaki na heshima. Iliyofuata 7, si kwa sababu ni mbaya, bali kwa sababu nilikuwa nimeshiba. Nikitazama safu ile ya namba leo naiona kabisa kwamba inapima tumbo langu. Rapa alikuwa palepale. Mimi ndiye niliyekuwa nashuka. Manger niliipa 8 kwa sababu za uongo, na nadhani ndiyo bora kuliko zote alizotoa mwaka ule, tena kwa mbali. Nilipoomba kuirekebisha nikaambiwa namba ikishatoka imetoka. Sawa. Niliongeza maelezo chini yake yanayokiri kosa la tarehe, na 8 ile bado inanitazama.

Nilianza kuziandikia albamu mbilimbili au tatutatu, bila alama. Wahenga walisema mengi kuhusu haraka, ila hawakuwa na mhariri anayetaka maandishi kabla ya saa sita usiku siku ya Ijumaa. (Tangu Julai 2015 albamu duniani kote kwa kawaida hutoka Ijumaa, na nadhani hakuna uamuzi uliowaharibia wahakiki usingizi kama huo.) Tulikubaliana: siku ya kutoka naandika aya moja ya habari tu, nani katayarisha, dakika ngapi, nani kashirikishwa. Hukumu inasubiri. Wakati mwingine inasubiri mpaka albamu inayofuata imeshatoka, na hapo ndipo mambo matamu yanapotokea, kwa sababu albamu mbili zikiwekwa pamoja zinaulizana maswali ambayo mimi peke yangu nisingeyauliza.

Jaribio la kweli la haya yote lilikuja Januari 2023. Boldy alipata ajali mbaya ya gari, akavunjika mifupa ya shingo. Zikapita siku chache tu, Indiana Jones, albamu aliyoifanya na RichGains, ikatoka. Unaweza kufikiria watu walivyoisikiliza. Kila neno kuhusu kifo, kila pumzi iliyokatika, kila kimya kilichozidi kidogo kikawa ni ajali. Nilisoma maandishi mazuri, ya watu wanaojua kuandika, yakisema sauti yake ina maumivu mapya. Na nilikiri moyoni kwamba hata mimi niliyasikia hayo maumivu, maana mkono ulishaanza kwenda upande wa kulia wa daftari. Nikauzuia. Mtu aliyelala hospitali na shingo iliyovunjika hakuingia studio wiki hiyo. Albamu ilikuwa tayari. Kama kuna kifo ndani yake, ni kifo kilekile ambacho amekuwa akikichana tangu mwanzo, kwa sababu maisha anayoyasimulia yamejaa vifo.

Albamu ya baada ya ajali, ile ambayo kweli ina ajali ndani yake, ilikuja mwaka mmoja baadaye, Januari 2024: The Penalty of Leadership, tena na Craven. Jina limetoka kwenye tangazo maarufu la magari ya Cadillac la mwaka 1915, na Cadillac ni mtoto wa Detroit, kwa hiyo mtu aliyenusurika kwenye gari amechagua kichwa cha tangazo la gari la mjini kwake. Ucheshi wa Boldy ndio huo, mkavu, hakukonyezi. Nilisikiliza nikitafuta sauti iliyobadilika. Nikaipata, lakini haikuwa pale nilipoitarajia. Nilitarajia kilio. Nilichosikia ni mtu anayeongelea shingo yake kwa sauti ileile ya kusoma risiti, isipokuwa safari hii orodha ina shukrani ndani yake, na shukrani inapotajwa haipewi uzito kuliko kitu kilichotangulia wala kinachofuata. Niliirudia sehemu hiyo mara sita au saba. Upande wa kushoto niliandika, “Hasimami.” Upande wa kulia ilinichukua siku tatu kuandika neno, na hatimaye nililolipata nikalifuta.

Kuna somo dogo la maneno niliposikiliza kwa utaratibu huu, nalitaja kwa kuwa linachekesha. Kwa miaka nilidhani baadhi ya vitu anavyotaja ni tamathali. McNichols, kwa mfano, nilidhani ni jina la familia fulani ya kubuni, kitu cha kitajiri. Kumbe ni barabara ya Detroit, ambayo watu huiita pia Six Mile, katika mfululizo uleule wa barabara zinazohesabiwa kwa maili. Na manger ni Kiingereza cha hori. Hivyo kichwa kile chote ni hori la kulishia wanyama, lile la kuzaliwa kwa Yesu, likiwa limewekwa kando ya barabara ya kawaida. Albamu nzima ya kuzaliwa, na mimi nilikuwa naihakiki kama albamu ya kukomaa! Jibu lilikuwa kwenye jalada. Nilikuwa sijasoma jalada. Bo Jackson nayo: nilijua ni mwanamichezo, aliyecheza besiboli na futiboli ya Kimarekani kwa wakati mmoja, lakini ilinichukua mtu mwingine kuniambia kwamba Tecmo Bo ni yule Bo wa mchezo wa video, ambaye hakukamatika kwa namna yoyote, na kwa hiyo albamu ya pili ni mzaha juu ya ile ya kwanza. Rapa anayetoa nyingi huwa anazungumza na albamu zake mwenyewe. Ukizisikiliza moja moja kwa haraka unakuwa kama mtu aliyeingia chumbani katikati ya mazungumzo ya ndugu wawili, akaanza kutoa maoni.

Kuna siku huwa nachoka naye, nikiri. Si kila albamu inastahili wiki zangu tatu. Zipo ambazo midundo haimpi kitu cha kupambana nacho, naye anasoma risiti, na inabaki kuwa risiti kweli. Zamani ningeandika kwamba ameishiwa. Sasa naandika kwamba hawa wawili hawakupatana, ambayo ni kauli ndogo zaidi, na inaweza kuthibitishwa na mtu yeyote mwenye masikio. Msomaji mmoja alilalamika kwamba uhakiki wangu umekuwa wa woga. Nilimwelewa. Hukumu kubwa zina ladha. Lakini nilishawahi kutoa hukumu kubwa kuhusu kijana wa 2007 nikimdhania mtu mzima wa 2020, na ladha yake naijua mpaka leo.

Juzi ametoa nyingine. Jina la mtayarishaji sikulitambua. Kabla hata ya kubonyeza nikamwandikia yule rafiki yangu wa midundo: “Hii karekodi lini?”

Jibu likaja haraka: “Kaka, siku hizi umekuwa kama karani wa vizazi na vifo. Sikiliza kwanza.”

Nikavaa hedifoni, nikafungua ukurasa mpya, nikauchora mstari wa katikati. Wimbo wa kwanza ulikuwa mfupi. Kushoto nikaandika, “Sauti nzito kuliko niliyoizoea. Pumzi inasikika mwisho wa mstari wa nne, halafu haisikiki tena.” Kalamu ikavuka mstari wa katikati, ikakaa hapo juu ya karatasi. Wimbo wa pili ukaanza, nikairudisha kushoto.